NGUVU YA PAMPU IPIMWE KABLA YA KUNUNULIWA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa matawi ya mashambani katika semina ya elimu ya chama. Tunaichapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria. Msomaji na ashike kalamu na karatasi, maana hesabu zimo.)



Nimeombwa niseme juu ya pampu za visima vya kunyunyizia mashamba, na hasa juu ya swali moja: pampu ya nguvu kiasi gani yatosha kazi gani? Huenda mmoja wenu akauliza, hilo lahusu nini chama cha wafanya kazi? Si kazi ya mwenye shamba na muuza pampu?

Nami najibu hivi. Pampu ikiwa ndogo kuliko kazi yake, mwenye shamba hateseki kwanza. Anayeteseka kwanza ni mtu wa pampu. Maji hayafiki mwisho wa shamba, nyanya zinanyauka, na huyo mtu anaulizwa, "Ulilala?" Anaambiwa aendeshe mtambo hata usiku. Pampu ikiwa kubwa kuliko kisima, kisima kinakauka, pampu inazunguka bila maji, inaungua, na tena anaulizwa yeye. Na pampu ikiwekwa mahali isipoweza kufyonza, wako watu watakaotaka kuiteremsha ndani ya kisima pamoja na injini yake, na hapo ndipo wafanya kazi hufa. Nitalieleza hilo mbele.

Tena wengi wenu mna vishamba vyenu nyumbani, na wengine mmejiunga vikundi mkachukua mkopo ili mnunue pampu. Mkopo hulipwa hata kama maji hayakutoka.

Kwa hiyo mjue hesabu hii. Si ngumu. Anayejua kuzidisha na kugawa anaiweza.

NGUVU NI NINI?

Nguvu ya kuinua maji ni mambo matatu yaliyofungwa pamoja: uzito wa maji, kimo yanachopandishwa, na muda unaotumika. Mtu anaweza kuinua lita 1,000 kwa siku nzima kwa ndoo na kamba. Akitaka kuziinua kwa dakika tano, hawezi. Maji ni yale yale na kimo ni kile kile. Kilichobadilika ni muda.

Katika miaka ya 1780, James Watt, fundi wa mitambo ya mvuke kutoka Scotland, alitaka kuwaonyesha wateja mtambo wake wafanya kazi ya farasi wangapi. Akaweka kipimo: nguvu ya farasi 1 ni kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Kwa vipimo vyetu vya leo, ni sawa na kuinua kilo 76 kwa mita moja katika kila sekunde. Kwa stima, nguvu ya farasi 1 ni wati 746, yaani karibu robo tatu ya kilowati.

Bahati yetu ni kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi kanuni yetu ni hii:

Lita kwa sekunde, mara mita za kimo, gawa kwa 76. Jibu ni nguvu za farasi ambazo maji yenyewe yanazitaka.

Mtu mzima akikanyaga pampu ya miguu kwa saa kadhaa hutoa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya farasi 1. Kwa hiyo pampu ya farasi 4 inafanya kazi ya watu 40 hivi.

Sasa tunahitaji kujua namba mbili tu: lita kwa sekunde, na kimo. Lakini kila moja ya namba hizo ina mitego yake.

SWALI LA KWANZA: SHAMBA LATAKA MAJI KIASI GANI?

Msianze na pampu. Anzeni na mmea. Katika nchi kavu yenye jua kali, shamba la mboga lililokomaa hunywa karibu milimita 5 za maji kila siku, kama kwamba mvua ya milimita 5 imenyesha. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Milimita 5 juu ya ekari moja ni zaidi kidogo ya lita 20,000. Hiyo ni mitungi 1,000 ya lita 20, kila siku, kwa ekari moja! Mtu akikuuzia kipampu cha kunyunyizia maua ya uani na kusema kitatosha ekari tatu, mkumbushe mitungi hiyo.

Hayo ni maji ya mmea. Lakini maji hupotea njiani. Ukinyunyizia kwa mifereji ya udongo, si ajabu maji 40 katika kila 100 yakapotea kabla ya kufika kwenye mizizi. Kwa vinyunyizio hupotea kama 25. Kwa mabomba ya matone, yakitunzwa vizuri, hupotea kama 10.

Tuseme kikundi cha wanachama kina ekari 2 za vitunguu na sukuma wiki, na kinatumia njia ambayo katika kila lita 100, lita 75 ndizo zinazofika kwenye mmea. Ekari 2 zataka lita 40,000. Gawa kwa 75, zidisha kwa 100: tunapata lita 53,000 na zaidi. Tuandike 54,000 kwa siku.

Kikundi kinataka kupampu saa 5 tu kwa siku. Saa 5 ni sekunde 18,000. Gawa 54,000 kwa 18,000. Jibu ni lita 3 kwa sekunde. Hiyo ndiyo namba yetu ya kwanza.

SWALI LA PILI: JE, KISIMA KINA MAJI HAYO?

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanapima shamba, wanapima mfuko, lakini kisima hawakipimi. Ndugu zangu, pampu haizai maji. Kisima kikitoa lita 1 kwa sekunde, pampu ya farasi 20 haiwezi kutoa 3. Itamaliza yaliyomo na kubaki ikivuta hewa.

Kisima hupimwa hivi. Azimeni pampu, pampuni kwa saa zile zile mnazokusudia kufanya kazi, katika majira ya kiangazi wakati maji yako chini. Toeni maji kwenye pipa la lita 200 na tazameni saa. Pipa likijaa kwa sekunde 67, hizo ni lita 3 kwa sekunde. Kila nusu saa teremsheni kamba yenye kipande cha chuma, mpime maji yako mita ngapi chini. Mwanzoni yatashuka haraka, kisha polepole. Yakitulia mahali pamoja, kisima kimekubali. Yakiendelea kushuka mpaka saa ya mwisho, kisima kimekataa, na hapana budi kupunguza.

Andikeni vipimo viwili: maji yalipokuwa yametulia kabla ya kupampu, na yalipofika wakati wa kupampu. Katika mfano wetu, maji yalikuwa mita 12 kutoka juu. Yalipopampuliwa lita 3 kwa sekunde yakashuka mita 6 zaidi, yakasimama kwenye mita 18. Hesabu yetu itatumia 18, si 12. Anayetumia 12 amejidanganya tangu mwanzo.

Tena kuchukua maji ya ardhini kwa kunyunyizia shamba huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyowekwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Kibali huonyesha kiasi kinachoruhusiwa. Hakuna faida kununua nguvu ya kuvuta maji ambayo huna ruhusa ya kuyavuta.

SWALI LA TATU: MAJI YANAPANDA KIMO GANI?

Kimo si kina cha kisima tu. Kina sehemu tatu, na zote hujumlishwa.

Sehemu ya kwanza ni kutoka kwenye maji, wakati wa kupampu, mpaka mdomo wa kisima. Kwetu ni mita 18.

Sehemu ya pili ni kutoka mdomo wa kisima mpaka mahali maji yanapotokea. Tangi letu liko juu kidogo mlimani, na mdomo wake uko mita 7 juu ya kisima. Jumla sasa ni 25. Mngekuwa mnapeleka maji moja kwa moja kwenye vinyunyizio, ingebidi mwongeze pia msukumo vinavyotaka. Kila bari 1 ya msukumo ni sawa na mita 10 za kimo.

Sehemu ya tatu haionekani kwa macho, nayo ndiyo inayokula fedha. Ni msuguano wa maji ndani ya bomba. Maji yakipita katika bomba jembamba yanakwaruzana na kuta zake, na pampu inafanya kazi kama kwamba mlima umeongezeka. Tazameni namba hizi. Tunapeleka lita 3 kwa sekunde katika bomba la plastiki lenye urefu wa mita 200:

Bomba la upana wa milimita 38 ndani (inchi moja na nusu) huongeza kimo cha mita 35.
Bomba la milimita 50 (inchi mbili) huongeza mita 9.
Bomba la milimita 75 (inchi tatu) huongeza mita moja na kitu.

Ndugu, tofauti ya nusu inchi imekuwa mlima wa mita 26! Aliyenunua bomba jembamba ili aokoe shilingi atazilipa mara nyingi kwa mafuta au stima.

Tuchukue la inchi mbili. 25 na 9 ni 34. Tuongeze mita 1 kwa viungo, vipindo na vali. Kimo chetu chote ni mita 35.

TUZIDISHE

Lita 3 mara mita 35 ni 105. Gawa kwa 76. Jibu ni 1.38, yaani farasi mmoja na zaidi ya theluthi. Hiyo ndiyo nguvu maji yanayoitaka.

Lakini msikimbilie dukani. Pampu haipokei nguvu na kuitoa yote. Sehemu hupotea ndani yake. Pampu ndogo nzuri, ikifanya kazi iliyotengenezewa, hurudisha kama 50 kwa mia, nyingine 60. Iliyochakaa au isiyofaa kazi hiyo hurudisha 30 au chini yake. Tuhesabu 50. Basi 1.38 inakuwa 2.76. Hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa kuzungusha pampu.

Tena tuongeze akiba, moja katika tano, ili mtambo usifanye kazi siku zote hadi pumzi ya mwisho. Tunapata 3.3. Dukani hakuna mota ya 3.3, basi tunachukua ya farasi 4, yaani kilowati 3.

Na stima itakayotumika? Nguvu ya farasi 2.76 ni karibu kilowati 2.06. Mota nayo hupoteza sehemu, tuseme inarudisha 80 kwa mia, kwa hiyo inavuta karibu kilowati 2.6. Kwa saa 5 ni yuniti 13 kwa siku. Kwa hesabu hiyo hiyo, bomba la inchi moja na nusu lingetaka mota ya karibu farasi 6 na yuniti 22 kwa siku. Bomba la inchi tatu lingetaka yuniti 10. Zidisheni kwa siku za kiangazi, kisha zidisheni kwa bei ya yuniti mnayolipa huko kwenu, mtajua bomba lipi ni rahisi.

Kama stima yatoka kwa jenereta, kumbukeni kwamba mota ikianza kuzunguka huvuta nguvu nyingi kuliko inapokwisha kushika kasi. Jenereta na iwe kubwa mara mbili ya mota au zaidi. Na kama ni nguvu ya jua, saa za kazi ni za mchana tu, na asubuhi na jioni maji hutoka kidogo. Wanaotumia jua wahesabu maji ya siku nzima, na wawe na tangi.

INJINI KATIKA NCHI YA JUU

Wenzetu wa Nakuru, Naivasha, Nanyuki na Nyandarua wasikilize hapa. Injini ya petroli au dizeli hupumua hewa kama mtu, na huko juu hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida hupungukiwa na nguvu karibu 1 kwa mia kwa kila mita 100 za mwinuko. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Basi injini iliyoandikwa farasi 5 huko haitoi hata 4.1 kamili. Mtu wa pampu asilaumiwe kwa kosa la mlima.

Na mlima unafanya jambo la pili. Pampu iliyo juu ya kisima haivuti maji. Huondoa hewa katika bomba, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Pwani, hata pampu ingekuwa kamilifu, maji hayawezi kusukumwa zaidi ya mita 10 na kidogo. Kwa kazi halisi ni mita 7. Katika nchi ya mita 1,900, hata kwa pampu kamilifu ni mita 8 na kidogo tu, na kwa kazi halisi mhesabu 5. Hapa nguvu za farasi hazisaidii hata kidogo. Pampu ya farasi 50 haifyonzi maji kutoka mita 18, wala ya farasi 100.

Kwa kisima chetu cha mfano, basi, pampu ya juu haifai. Inatakiwa pampu ya kuzamishwa ndani ya maji pamoja na mota yake ya stima, au ya mhimili mrefu ambayo mtambo wake hubaki juu.

INJINI ISITEREMSHWE KISIMANI

Wako wanaoona pampu ya juu imeshindwa, wakachimba ngazi au kujenga jukwaa ndani ya kisima, wakaiteremsha pampu na injini yake ya petroli karibu na maji. Hesabu ya kufyonza hapo inakubali. Lakini moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ndani ya kisima haina pa kutokea. Mtu huishiwa nguvu za miguu kabla hajatambua, akaanguka. Mwenzake huteremka kumwokoa, naye akaanguka. Ndiyo maana kisima kimoja huweza kuua watu wawili au watatu siku moja.

Wengine huteremsha taa au mshumaa kwanza. Ukiendelea kuwaka, wanasema ni salama. Si kweli! Mshumaa hauonyeshi sumu hiyo. Waweza kuwaka vizuri mahali penye sumu ya kuua mtu. Na injini ikizimwa, hewa mbaya yaweza kubaki humo kwa muda mrefu.

Basi shikeni haya. Injini ya moto isiingie kisimani kamwe. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate; piga kelele, ita watu wenye vifaa vya kupumulia, na kama alikuwa amefungwa kamba, mvuteni kutoka juu. Na ukiamriwa kuteremka, ijue sheria: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi atoe habari kwa msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumtaka arudi mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Mpelekee habari msimamizi, na siku hiyo hiyo mwambie mjumbe wa tawi.

KIBAO CHA PAMPU

Kwenye pampu mtaona kibao kimeandikwa, mathalan, kimo mita 60, maji lita 300 kwa dakika. Mnunuzi anafurahi, anadhani atapata lita 300 kwenye kimo cha mita 60. Hapana. Namba hizo hazikutani. Kwenye kimo cha mwisho kilichoandikwa, maji yanayotoka ni sifuri. Na maji mengi kabisa yaliyoandikwa hutoka pale pasipo na mlima. Mwulizeni muuzaji mchoro wa pampu, unaoonyesha kila kimo na maji yake. Sisi tutamwambia: twataka lita 3 kwa sekunde, yaani 180 kwa dakika, kwenye kimo cha mita 35. Mwuzaji asiyeweza kuonyesha namba hizo mbili pamoja kwenye mchoro, mwacheni, nendeni kwa mwingine.

NGUVU NDOGO NA SAA NYINGI

Nimefika kwenye jambo la chama hasa. Tuseme kisima kile hakikubali lita 3, kinakubali 1 tu. Je, ekari 2 zimeshindikana? Hapana. Lita 1 kwa sekunde kwa saa 15 ni lita 54,000 zile zile. Na tazameni: maji yakitolewa polepole, kisima hakishuki sana, tuseme yanasimama kwenye mita 14 badala ya 18. Msuguano katika bomba lile lile la inchi mbili unashuka kutoka mita 9 hadi kama mita 1. Kimo chote, pamoja na viungo, ni mita 23. Moja mara 23, gawa kwa 76, ni 0.3. Hata pampu ikirudisha 45 kwa mia tu, na tukiongeza akiba, mota ya farasi 1 yatosha. Na stima ya siku ni yuniti 9 na kitu badala ya 13.

Kwa hesabu ya mashine, hiyo ni faida. Pampu rahisi, stima kidogo, kisima kinapumzika. Mwenye shamba mwerevu ataipenda. Lakini ndugu zangu, yatupasa kuuliza: nani atakaa na pampu hiyo saa 15?

Hapo ndipo nguvu za farasi zinapogeuka kuwa saa za mtu. Kila nguvu inayopunguzwa kwenye mtambo huongezwa kwenye muda, na muda una mtu ndani yake. Hatupingi pampu ndogo. Pengine kisima hakiruhusu nyingine. Tunachosema ni kwamba saa hizo zihesabiwe siku ya kununua pampu, si baada yake. Ama ziwekwe zamu mbili, ama saa za ziada zilipwe, ama iwekwe swichi inayozima mota maji yakipungua kisimani na tangi likijaa, ili mtu akalale. Swichi hiyo ni bei ndogo ukiilinganisha na mota iliyoungua. Lakini mtu mmoja kuambiwa akeshe na pampu kwa mshahara wa mchana, kwa sababu hesabu haikufanywa, hilo hatulikubali.

DAFTARI LA PAMPU

Mwisho nawaomba jambo moja. Kila mwanachama anayeendesha pampu na awe na daftari. Aandike tarehe, saa ya kuwasha na ya kuzima, mafuta au yuniti, kina cha maji kabla na wakati wa kupampu, na sekunde za kujaza pipa la lita 200. Mara moja kwa juma yatosha kwa pipa.

Daftari hilo ni kinga yako. Pipa lililokuwa likijaa kwa sekunde 67 likianza kujaa kwa 90, na maji kisimani yako pale pale, pampu imechakaa au bomba limeziba, fundi aitwe. Kama maji kisimani yameshuka, kimo kimeongezeka, wala hapana mtu wa kulaumiwa. Mjumbe wa tawi akiwa na daftari mbele ya meneja, ana namba. Bila daftari ana maneno tu, na meneja naye ana maneno yake.

Basi, ndugu wajumbe, mkirudi matawini wafundisheni wenzenu maswali haya: Shamba lataka maji kiasi gani? Kisima kinatoa kiasi gani? Kimo chote ni kiasi gani? Zidisha, gawa kwa 76, ongeza kinachopotea. Na swali la mwisho, ambalo muuza pampu hatawauliza: saa za kazi ni ngapi, na ni za nani?

Pampu inaponunuliwa shambani kwenu, mjumbe aombe kuyauliza maswali hayo kabla fedha hazijatolewa. Kwa kikundi chenu wenyewe, msitie sahihi ya mkopo mpaka yote yamejibiwa kwa namba.

Umoja ni nguvu.